Mashine Isiyojua Kumaliza

Nilimwita Papa wa Juu kwa sababu alikaa juu yangu, yeye ghorofa ya saba, mimi ya sita, katika jengo la manispaa huku Anderlecht, Brussels, ambalo lifti yake hufanya kazi ikijisikia. Jina lake nalijua, na ukoo wake pia, maana wote tumetoka Lubumbashi, na watu wa Lubumbashi hawakawii kuulizana ukoo. Lakini hayo yana wenyewe. Mimi nina yale niliyoyaona kwa macho yangu na niliyoyasikia kupitia dari kwa miaka kumi na minne.

Cha kwanza kukisikia kilikuwa viatu. Papa wa Juu hakuvaa ndala ndani ya nyumba kama watu wengine. Alivaa viatu vya ngozi vya kamba tangu asubuhi, akatembea hatua sita kwenda dirishani, hatua sita kurudi mezani. Nikadhani ni mtu mwenye kesi mahakamani. Siku ya tatu nikapanda kumwomba anihurumie, maana mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani na nikirudi miguu inawaka moto. Akafungua mlango amefunga tai.

"Maman, unisamehe. Niko natafuta fote."

"Fote? Kosa gani, papa?"

"Ya zamani sana. Weye ulikuwa ungali mutoto."

Nilishuka nikicheka. Sikujua kwamba alikuwa ananijibu kweli tupu.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Alipokuja Ubelgiji alikuwa ametumwa na waajiri wake wa mgodini kujifunza zile kompyuta za kwanza zilizojaza chumba kizima. Masomo yakaisha, kazi ikapatikana hapa, akabaki. Baadaye zikatoka kompyuta ndogo za nyumbani, na yeye akanunua moja, akaiunga kwenye televisheni ya sebuleni, na mkewe akawa haoni habari tena. Wakati huo walikuwepo watu wa aina yake mjini. Mmoja tarishi wa posta, mmoja daktari wa meno, mwingine mwalimu wa shule kutoka upande wa Waflamand, wasema Kiholanzi. Kila Jumamosi mchana walikutana chumba cha nyuma cha mkahawa mmoja Ixelles. Hawakuwa wataalamu wa chochote. Kazi yao pale ilikuwa moja tu, kuifundisha mashine kucheza sataranji.

Leo jambo hilo halimshangazi mtu. Enzi hizo mashine ilikuwa na kumbukumbu isiyotosha hata picha moja ya harusi mnayotumiana kwenye simu, na ndani ya kijinafasi hicho Papa wa Juu alitakiwa kubana sheria zote za mchezo, na akili ya kuchagua hatua, na ubao wenyewe. Aliandika kwenye kadibodi za kukunjia mashati, kwenye bahasha, nyuma ya kalenda ya kanisa. Alikuwa anaweza kutumia wiki nzima kuondoa neno moja ili apate nafasi ya kuongeza jingine.

Na yeye mwenyewe kucheza hakujua! Hilo lilinichekesha sana. Shemasi wetu, mtu ambaye hata bajeti ya kwaya inamshinda, alimfunga mara tatu mfululizo kwenye sikukuu ya mavuno. Nikamwambia, papa, unafundishaje kitu usichokijua? Akanitazama kwa huruma.

"Yule anafundishaka kwaya, lazima aimbe soprano?"

Alikuwa mtu wa kupima. Jumamosi moja mkewe alimtuma nyanya kwenye soko la machinjioni, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, naye alizunguka meza zote, akalinganisha, akarudi meza ya kwanza kuhakikisha, na saa ya kufunga ikamkuta bado anahakikisha. Alirudi na vitunguu. Mkewe akanipigia: "Maman wa chini, uko na nyanya? Papa alienda kusoma soko." Kwenye metro namba tano alijua mlango upi utafunguka mbele ya ngazi katika kila kituo, lakini hakuiwahi treni, kwa sababu alikuwa bado anatembea kwenda kwenye mlango huo.

Mkewe nilimwita Maman wa Juu, na huyo ningeweza kumwandikia kitabu chake. Alikuwa mnene, mwenye kicheko kinachotangulia ngazi mbili, hodari wa kupika bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo. Juu ya kabati lao la nguo palikuwa na sanduku kubwa la kahawia. Siku moja tulilishusha kupangusa vumbi, akanifungulia. Lilikuwa limejaa zawadi za kupeleka nyumbani: vigauni vya watoto wa dada yake, viatu vidogo vyeupe, saa ya ukutani. Wale watoto wa dada, aliniambia, sasa wana watoto wao, na hao nao vigauni havitawaingia. Akafunga sanduku. Tukalirudisha juu.

"Anasemaka bado kidogo," akasema. "Kila mwaka, bado kidogo. Mashine ikishakuwa bien, ikishakuwa muzuri, tunarudia kwetu."

Bado kidogo. Hilo ndilo lilikuwa neno la Papa wa Juu. Ukimwita mezani, bado kidogo. Ukimuuliza lini atarudi Lubumbashi, bado kidogo. Hakuwa mwongo. Mwongo ningemshika. Yeye aliamini kila mara.

Kisa cha mashindano alinisimulia mara nyingi hata nami nakijua kama sala ya Baba Yetu. Wale wa Jumamosi walikodi ukumbi wa shule, wakaalika wenzao wa miji mingine, kila mtu aje na mashine yake. Papa wa Juu aliibeba ya kwake kwenye beseni la kuogea mtoto, imefungwa kitenge cha mkewe, akapanda nayo basi. Mlangoni bibi mmoja akamtazama, akamwonyesha meza zilizorundikwa kwenye pembe, akamwambia aanzie kule nyuma. Basi akaweka beseni chini, akapanga meza zote. Kumi na moja. Alipomaliza akafungua kitenge, akatoa kompyuta, akatafuta pa kuchomeka.

"Juu ya nini haukumwambia kama weye pia umekuja kucheza?" nilimuuliza kwa hasira, maana hasira ilinipanda, hata leo inanipanda.

"Maman, meza zilikuwa zimekaa vibaya."

Alicheza na mashine ya daktari wa meno. Niseme inavyokuwa, maana mimi mwenyewe nilihitaji kuelezwa. Mashine haina mikono. Mwenye mashine anaichapia hatua ya mpinzani, anangoja, dakika moja, dakika mbili, kisha jibu linatokea kwenye kioo na yeye analicheza ubaoni kwa mkono wake. Hana ruhusa ya kubadilisha. Anachoambiwa ndicho anachosogeza.

Mashine ya Papa wa Juu ilikula kila kitu. Daktari wa meno akabaki na mfalme peke yake, na upande wa pili yupo malkia, ipo ngome, upo ushindi umelala pale kama mkate mezani. Hatua moja tu. Watu wakaacha meza zao wakaja kutazama. Mashine ikafikiri, ikasogeza ngome pembeni. Ikafikiri tena, ikairudisha. Ushindi bado upo, hatua moja tu, na yeye anauona, ukumbi mzima unauona, na mkono wake unatakiwa kusogeza ngome kwenda na kurudi kama mtu anayefuta meza. Kanuni ya mchezo ni kwamba hatua hamsini zikipita bila kitu kuliwa wala askari kusogea, mtu anaweza kudai sare. Daktari wa meno alikuwa anahesabu kwa sauti. Kufika arobaini, watu wote walikuwa wanahesabu pamoja naye, wanacheka.

Alitafuta sababu ya ile sare kwa miezi. Alikuwa ameifundisha mashine kutambua kwamba ushindi upo. Hakuifundisha kwamba kushinda sasa ni bora kuliko kushinda baadaye. Kwa hiyo kila zamu mashine ilitazama mbele, ikaona ikimfunga mfalme leo itashinda, ikimfunga kesho itashinda, ikaona zote ni sawa, ikachukua yoyote.

"Haikuwa mujinga," aliniambia. "Iliona vizuri. Ilikosa tu haraka."

Mimi nilimtazama mtu huyu mwenye tai sebuleni kwake, nikalifikiria sanduku la kahawia chumbani kwake. Sijui kama yeye mwenyewe hakuwahi kuona. Nadhani mtu aliyepima kila kitu lazima alipima na hilo.

Dawa yenyewe ilikuwa mstari mmoja: mashine ipunguziwe alama kwa kila hatua inayochelewesha. Mstari mmoja tu, na nafasi ya kuuingiza ilimtoa jasho. Alipofaulu, aliijaribu mara moja nyumbani, mashine ikamfunga mfalme wake bila kusita. Akaihifadhi kwenye kasete, kama walivyofanya wakati huo, kasete ile ile ya muziki, ukiicheza kwenye redio inatoa sauti ya kukwaruza kama bati linaloburutwa. Akaitia alama nyekundu. Akazima kompyuta, na kompyuta zile ukizima zinasahau kila kitu. Mashindano mengine yalikuwa yamebaki wiki mbili.

Sasa hapa ndipo penye kichekesho chao cha nyumba, ambacho walikitoa kwenye kila ubatizo na kila matanga. Enzi hizo simu ya Kongo ilikuwa shida na barua zilipotea, basi watu walizungumza kwenye kasete, wakampa msafiri aende nayo. Ilikuwa barua ya sauti. Maman wa Juu alitaka kumsalimia dada yake mkubwa, aliyemwita yaya, na mtu alikuwa anasafiri siku hiyo hiyo. Akaokota kasete mezani, akaijaribu kwenye redio, akasikia mikwaruzo.

"Akasema, ii imeharibika!" Papa wa Juu alisimama kuigiza, mkono kiunoni, sauti nyembamba. "Ii ni kelele tupu! Njo akasemea mule, bonjour yaya, uko namna gani! Mi narudia toka kazini, mashine yangu iko mu ndege, inaenda Lubumbashi kusalimia shemeji!"

Watu walivunjika mbavu. Maman wa Juu naye alicheka, akajifunika uso kwa ncha ya kitenge, akasema, "Mi najua wapi mambo ya bamashine?" Nilimwona akifanya hivyo si chini ya mara kumi.

Papa wa Juu alijaribu kuiandika upya. Zile kadibodi hazikuwa na mstari wa mwisho, na kila alipoanza aliona njia iliyo bora zaidi, akaacha ya kwanza, akafuata ya pili. Kompyuta ikafa, akanunua nyingine isiyoelewa lugha ya ile ya zamani. Wenzake wa Jumamosi walipungua mmoja mmoja. Siku shemasi alipomwonyesha kwamba simu yake ina programu ya bure inayowashinda hata mabingwa wa dunia, Papa wa Juu aliichukua, akaitazama kwa adabu, akairudisha.

"Iko bien. Lakini ile ni ya bote. Yangu iko Lubumbashi."

Maana hilo ndilo alilolishikilia. Barua ya sauti haizidi dakika tano, kumi kwa anayependa maneno. Yeye kwa usalama alikuwa amehifadhi programu mara mbili kwenye upande ule ule, moja nyuma ya nyingine. Kwa hiyo ya pili, kwa hesabu yake, ilikuwa bado nzima nyuma ya sauti ya mkewe. Alimwandikia shemeji yake mara nyingi amrudishie kasete. Shemeji alijibu kila jambo isipokuwa hilo. Papa wa Juu alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: kuiona mashine yake ikimaliza mchezo mmoja mbele ya watu.

Kuna siku lifti ilitukwamisha wote wawili kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, na kwenye lifti mtu husema.

"Ile kasete isingeendaka, maman, tungerudia kwetu mwaka ule. Nilikuwa nimeshaulizia ba tikiti. Nilitaka inichezee mashindano moja, basi. Nilikuwa sijamuambia bibi yangu. Nilitaka iwe surprise."

Sikumwamini. Hata sasa sina hakika kama namwamini.

Maman wa Juu alifariki mwezi wa pili, siku ya theluji mbaya, kwa moyo. Hakurudi hata akiwa ndani ya jeneza. Tulimzika Evere, upande wa pili wa mji. Viatu vya juu vilinyamaza siku tisa, kisha nikavisikia tena, hatua sita kwenda, hatua sita kurudi, nikakaa jikoni nikalia.

Mwaka juzi mama yangu mzazi naye akafariki, nikaenda Lubumbashi kwenye matanga. Papa wa Juu alinipa anwani ya shemeji yake kwenye bahasha, imeandikwa kwa wino, na mchoro wa mtaa usiofanana tena na mtaa wenyewe. Nilimkuta mama mzee sana, hana meno ya mbele, akili timamu. Niliposema kasete, hakuuliza kasete gani. Aliingia ndani, akatoka nayo imefungwa kwenye kipande cha kitenge.

"Nilimuahidi mudogo yangu sitaitoa akiwa muzima," akasema. "Sasa hayuko tena. Mupelekee."

"Kuna nini, maman?"

"Kuna sauti yake."

Pale hakukuwa na redio ya kasete, wala kwangu Brussels sina. Nilisafiri nayo mkobani kama dawa ambayo sijui inatibu nini.

Papa wa Juu nilimkuta hayuko juu tena. Alikuwa ameanguka bafuni, wakampeleka makao ya wazee huko Evere, mabasi mawili kutoka kwangu. Nilienda Jumapili baada ya ibada. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, tai imefungwa vibaya, na safari hii miguuni ana ndala. Hilo ndilo lililonivunja. Nikamwekea kasete kiganjani. Akaigeuza, akaona alama nyekundu iliyofifia, na uso wake ukafanya kitu ambacho sijui kukieleza. Alifurahi. Basi niseme hivyo, alifurahi kabisa.

"Unaona? Ingali! Tutatafuta mashine. Bamuzee wa musée, kwa bintu bya zamani, banazo. Kwanza tusikie kama ya pili iko muzima. Mi nitaijua na masikio."

Chumba chao cha kuimbia nyimbo za zamani kilikuwa na redio ya kasete, mhudumu akatuazima. Nikabonyeza. Kwanza tukasikia mkoromo, kisha Maman wa Juu akaingia mle chumbani, kijana, karibu kabisa na sikio.

"Yaya, ni miye. Tuko bien, Mungu anatusaidia. Baridi iko." Akataja watu wa kusalimiwa, mmoja mmoja. Papa wa Juu alitabasamu, akanipungia kidole: sikia, sikia. Kisha sauti ikashuka.

"Yaya, nakuambia kintu, usiambie muntu. Ii kasete ni ya mashine ya bwana yangu. Anawaza miye sijue. Najua. Jana alitia alama nyekundu, anafurahi kama mutoto, anasema sasa imejua kumaliza. Yaya, nimemuona vile amefurahi nikaogopa. Mwaka yote ni bado kidogo. Hii ikimaliza ataanza ingine. Njo nikawaza, ikipotea, pengine moyo yake itachoka, tutarudia kwetu. Nitamuambia sikujua. Atacheka. Utuandalie ile chumba ya nyuma. Noeli tuko kwako."

Nilinyoosha mkono nizime. Akanishika kifundo.

"Rudisha."

Nikarudisha. Akasikiliza mara ya pili, kichwa kimeinama, midomo ikifuata maneno. Kasete ilipofika kwenye neno Noeli alikuwa hatabasamu tena, wala hakulia. Alikuwa anahesabu. Nilimjua akihesabu. Alikuwa anazipanga zile wiki mbili zilizokuwa zimebaki hadi mashindano, na tikiti alizoziulizia bila kumwambia mkewe, na mimi nikajikuta namwomba Mungu asifike kwenye jibu, na nikaona amefika.

"Na miye nilikuwa namuchekaka," akasema. "Mbele ya batu."

Kasete ilikuwa bado inazunguka. Ikanyamaza kidogo, kisha ikaanza ile mikwaruzo, bati linaloburutwa, safi, bila kukatika, kama alivyoniahidi miaka yote kwamba itakuwa. Ilikuwepo nzima. Ilijua kumaliza.

"Zima, maman," akasema.

Nikazima. Kwenye korido walikuwa wanaleta supu.